Kiingereza cha wapagazi

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Moshi ni wapagazi, "wagumu" kama tunavyowaita, wanaotaka kuwa waongoza wageni. Katika wakati uliopo wa Kiingereza, siwaanzishi na jedwali la "I am, you are, he is". Waliliimba sana shuleni. Naanza na maelezo anayopewa mgeni kila safari: tunaamka saa kumi na mbili, tunakunywa chai, tunatembea pole pole mpaka Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro.

"-na-" yetu hubeba mizigo miwili. "Anapika" yaweza kuwa yuko jikoni sasa hivi, au ndiyo kazi yake. Kiingereza hakikubali hilo. Aliye jikoni sasa "is cooking", mwenye kazi hiyo "cooks". Kipimo ninachowapa: jaribu kuweka "hu-". Ukisema "hupika" na maana ikabaki ileile, ni "cooks". Ikigoma, tafuta "is" na "-ing".

Halafu ile "s". Masikio yetu humsikiliza mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: ni-, u-, a-. Kiingereza kimeachana na hayo, kikabakiza "s" moja mkiani kwa nafsi ya tatu umoja tu: I walk, they walk, the guide walks. Inasahaulika kwa sababu "he" imeshasema kila kitu. Huwa nawaambia wazi, mgeni atakuelewa hata bila hiyo "s". Anayekufanyia usaili ndiye atakayeisikia. Na ikiingia "does", inaondoka nayo: "he doesn't walk".

Vitabu hupenda mfano wa "Water boils at 100 degrees" kuonyesha jambo la kweli siku zote. Nilipouandika ubaoni, mpishi mmoja akapinga: "Mwalimu, kule Barafu hayafiki huko." Yuko sahihi. Kambi ile iko mita 4,600 na ushee, maji huchemka kwenye nyuzi karibu 85, na wali unachelewa kuiva. Tukaongeza "at sea level", tukaendelea.

Kinachowatesa hasa ni vitenzi vya hali. Sisi husema "nimechoka", "amelala", "amevaa koti", yote kwa "-me-", ingawa ni mambo ya sasa. Ukitafsiri kichwani unapata "he has slept", na mgeni anadhani jamaa ameshaamka. Kumbe ulitaka "he is sleeping". Upande wa pili, "najua njia" hugeuka "I am knowing the way", ilhali "know", "want" na "need" hazipendi "-ing".

Kwa hayo sina njia ya mkato. Tunayarudia kwa sauti, wawili wawili, mmoja akiwa mgeni aliyezidiwa na mwinuko: "Do you feel dizzy? Does your head hurt? You need to go down." Sentensi hizo tatu kila mtu lazima azitamke bila karatasi, kabla hatujagusa wakati uliopita.