Mama Makinda hakuanzia 2010

Kuna kitu huwa kinanikera sana watu wakimwongelea Mama Anna Makinda, eti alipewa tu uspika wa Bunge la Tanzania kwa vile CCM mwaka ule wa 2010 walitaka mwanamke. Ni kweli Kamati Kuu ya chama ilipitisha majina matatu na yote ya akina mama, yeye, Anna Abdallah na Kate Kamba, na Samuel Sitta aliyekuwa Spika akaachwa nje. Hilo halina ubishi. Ila mbona watu wanaishia hapo, hawaulizi huyu mama alikuwa wapi miaka yote?

Alikuwa humohumo bungeni, kaingia 1975. Binti wa Njombe, ana miaka 26, katoka kusomea uhasibu Mzumbe, anaingia kupitia nafasi za vijana enzi za TANU, yani CCM yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Unakaa humo na wazee waliopigania uhuru, we ndo mtoto wa juzi halafu mwanamke. Akakomaa. Akapita uwaziri, akawa mkuu wa mkoa Ruvuma, 1995 vyama vingi vimerudi akaomba kura jimboni Njombe Kusini na akapata, 2005 akawa Naibu Spika chini ya huyohuyo Sitta. Kwa hiyo Novemba 2010 anapigiwa kura dhidi ya Mabere Marando wa CHADEMA, ni miaka 35 tangu aingie mle, sasa niambie ni wangapi walikuwa na uzoefu huo?

Na kiti chenyewe hakikuwa cha mteremko hata kidogo. Bunge lile upinzani ulikuwa na vijana wanaojua kanuni kwa namba, na TBC inarusha laivu nchi nzima inaangalia. Mtu anachangia bajeti, hajafika mbali mmoja kasimama mwongozo wa Spika, mwingine taarifa, huku nyuma kuhusu utaratibu, maiki zimewashwa kila kona, na yeye juu pale na joho lake anatakiwa aamue papo hapo nani aongee nani akae, akikosea kesho ndo habari ya magazeti.

Sikukubaliana naye kila mara. Kuna siku niliona anawakata wapinzani mapema mno wakati hoja yao ilistahili kujibiwa, na wakitoka nje ya ukumbi niliwaelewa kabisa. Lakini Novemba 2014, ile ishu ya mabilioni yaliyochotwa akaunti ya Escrow ya Tegeta, kulikuwa na amri ya Mahakama Kuu na angeweza kuitumia kama kinga akafunga mjadala, na ndani ya chama chake wengi tu wangeshukuru. Hakufunga. Taarifa ya PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ya kina Zitto Kabwe ikasomwa, ikajadiliwa mpaka usiku, Bunge likapitisha maazimio, na Desemba hiyohiyo Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu na Profesa Tibaijuka akatolewa uwaziri. Kwangu mi hiyo ndo siku yake kubwa kuliko hata siku ya kuapishwa.

2015 akaamua hagombei tena, miaka 40 imetimia. Baadaye akarudi kama Kamisaa wa Sensa ya 2022. Mwaka huohuo Februari Tulia Ackson akachaguliwa Spika, watu wakabishana weee, misimamo yake, alivyokuwa anaongoza akiwa naibu, kila kitu, ila kwamba mwanamke ataliweza Bunge au hataliweza, hilo sikulisikia mahali popote.