Samaki Mpiganaji na Maji ya Kwao

Siku hizi mawazo yangu yamekuwa kwa samaki mdogo wa Thailand, yule mpiganaji mwenye mapezi marefu mekundu au ya buluu, ambaye wauzaji humweka peke yake ndani ya chupa. Nasikitika kwamba wengi huamini chupa ile inamtosha kwa sababu tu hafi upesi.

Kwao ni bonde la mto Chao Phraya, kwenye vinamasi, mitaro na majaruba ya mpunga, ambako maji ni ya kina kifupi, ya vuguvugu, yaliyotulia na kusongwa na majani. Oksijeni huwa haba mno humo. Ndiyo maana, pamoja na matamvua, amejaliwa kiungo chenye mikunjo mingi kichwani, kinachomwezesha kupanda juu, kuvuta hewa na kuishi pale ambapo samaki wengine wangekufa. Uwezo huo ni wa kuvukia kiangazi, maji yanapopungua, wala si dalili kwamba ameridhika na kifungo.

Huko porini ni samaki wa kahawia au kijani iliyofifia, mwenye mapezi mafupi, na rangi zake hukolea anapokabiliana na mpinzani au anapomtongoza jike. Madume hupigana kweli, lakini anayeshindwa ana pa kukimbilia, hujificha kwenye magugu na ugomvi ukaisha.

Kinachonigusa zaidi ni malezi yake. Dume hutengeneza kiota cha mapovu yaliyoshikana kwa mate, chini ya jani linaloelea. Jike akitaga, mayai huzama polepole. Dume huyafuata, huyaokota kwa kinywa na kuyatemea ndani ya mapovu, kisha humfukuza jike na kulinda peke yake, akirudisha kila yai linalodondoka.

Mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa, jambo lililonifurahisha sana. Hata hivyo, nawafikiria ndugu zake wa Mahachai, karibu na Bangkok, ambao wanasayansi waliwatambua rasmi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2012. Hao huishi katika maji yenye chumvi kidogo, miongoni mwa minipa, mimea ya jamii moja na minazi, na viota vyao huvijenga kwenye makutano ya makuti na shina. Viwanda na nyumba vinazidi kuumega ukanda huo, na naona heshima ya taifa ingepaswa kuanzia hapo, kwa kuyalinda maji yenyewe.