Bima imegoma kulipa? Angalia kwanza anayedai ni nani

Fuso imetoka Kibaigwa na mahindi kupita uzito unaoruhusiwa, breki zimechoka, ikamgonga mwendesha bodaboda maeneo ya Ihumwa. Kampuni ya bima inafungua mkataba na kukuta kipengele: hatulipi gari likizidisha mzigo au likiwa bovu. Mwenye Fuso anaambiwa hana chake kwa matengenezo ya gari lake, na hapo kampuni iko sahihi. Tatizo ni pale aliyevunjika mguu naye anapojibiwa hivyohivyo.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, yaani ile tunayoiita bima ndogo. Bima ya lazima ingekuwa kichekesho kama kampuni ingeruhusiwa kuitoboa kwa maandishi madogo. Ndiyo maana sheria hiyohiyo inavinyima nguvu baadhi ya vipengele dhidi ya aliyeumizwa: umri wa dereva au hali yake ya mwili na akili, ubovu wa gari, idadi ya abiria, uzito wa mzigo, muda au eneo la safari. Hata sharti la kutoa taarifa mapema baada ya ajali halimfungi majeruhi. Umechelewa kuripoti? Hayo ni yako na kampuni yako.

Ila kampuni ikishalipa kwa sababu sheria imeibana, inaruhusiwa kukugeukia wewe ili urudishe fedha hizo. Kipengele kinakuwa hakina nguvu kwa majeruhi, lakini kwako kiko palepale. Wenye magari wengi hawalijui hili mpaka barua ya madai iwafikie.

Sasa angalia kisichomo kwenye orodha hiyo: matumizi ya gari na leseni ya dereva. Noah iliyokatiwa bima ya gari binafsi halafu ikapakia abiria wa nauli kwenda Kondoa ndiyo kesi mbaya kuliko zote, kwa sababu kampuni inaweza kusema hatari hiyo haikuwahi kuwemo kwenye mkataba. Soma sehemu mbili kabla ya kulipa: mipaka ya matumizi, na madereva wanaoruhusiwa. Ukibadili matumizi, nenda kwa wakala ukabadilishiwe kwa maandishi na uongeze malipo. Wakala kukwambia kwa mdomo "hamna shida" hakukusaidii mahakamani. Kisha ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), uone kilichosajiliwa, maana stika kwenye kioo peke yake haithibitishi kitu.

Ulevi una ubishi wake. Mwanasheria wa majeruhi atasema kulewa ni hali ya mwili na akili ya dereva, kwa hiyo kipengele hakina nguvu. Wa kampuni atakataa. Kwa gari lako mwenyewe chini ya bima kubwa, usitegemee huruma.

Watu huuliza pia kama maslahi ya umma yanaruhusu bima kumlipia mtu aliyevunja sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano yanayopingana na maslahi hayo, lakini uzembe si sawa na kukusudia. Katika kesi ya Tinline ya mwaka 1921 huko Uingereza, dereva alikuwa ametiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia baada ya kwenda kasi mno, na bado bima yake ililazimika kulipa. Anayemgonga mtu makusudi hawezi kujifaidisha kwa bima yake.

Ukikataliwa, dai barua inayotaja kipengele chenyewe kwa namba. Linganisha na nakala ya mkataba wako. Maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Weka pamoja PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kwa aliyeumia, ripoti ya polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari. Malalamiko yanapokelewa TIRA, ambao makao makuu yao yako hapa Dodoma, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Majeruhi anayekwenda mahakamani amshtaki dereva na mwenye gari, na aipe kampuni taarifa ya kesi kwa maandishi mapema kabisa, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila taarifa hiyo, hukumu nzuri kabisa inaweza kukosa wa kuilipa. Na ulinzi huu wa lazima ni wa kifo na majeraha ya mwili; ukuta au kibanda kilichobomolewa kinategemea mkataba unasemaje.