Jinsi mama wangu wa kwenye hadithi alivyopata damu

Miezi mitatu nimekwama na hadithi moja tu ya mama mkaanga samaki hapa Tanga, yaani nilishaandika umri wake, kabila, rangi ya kitenge mpaka namba ya kiatu, lakini kila akifungua mdomo naongea mimi. Rafiki yangu akasoma akanambia huyu mama hana damu. Nikanuna siku mbili ila alikuwa sahihi bwana.

Kwanza nikatupa lile daftari la sifa. Asubuhi nikachukua baiskeli mpaka soko la samaki Deep Sea nikakaa tu naangalia, kuna mama anapanga vibua kwenye sinia, wakubwa juu wadogo chini, mteja akitaka kufunua anampiga kikofi cha mkono huku anacheka, "Baba, unanunua au umekuja kuwapa pole?" Pale pale nikajua wangu anaficha nini: madeni. (Yule mama sikumwiba, nilichukua mkono tu.)

Halafu nikajiuliza anataka nini, sio maishani, leo kabla ya saa sita. Anatafuta elfu ishirini ya mtu na mumewe asijue. Nikawasha rekoda ya simu nikawa naongea kama yeye njia nzima mpaka Ngamiani, watu wakaniona chizi, poa tu.

Sura ya nne nilitaka akamwombe radhi wifi yake, nimeandika mara tatu haikai. Mara ya nne nikamwacha afanye atakavyo, akapita mlangoni kwa wifi bila hodi, akaenda zake.