Mkunazi wa kona

Mkunazi wa kona ya kwetu, hapa Nzuguni, ulikatwa Julai mwaka juzi. Jirani alikuwa anaanza ujenzi na mti ulikuwa ndani ya kiwanja chake, kwa hiyo ilikuwa haki yake. Ila nimekula kunazi za mti ule tangu huku kote ni pori la migunga na mashamba yaliyozungushiwa minyaa, kabla Dodoma haijawa jiji mwaka 2018. Niliposikia shoka, niliacha gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani, nikachukua ungo na kutoka mbio.

Nilirudi na kunazi karibu nusu ndoo. Watoto wakala, mimi nikabaki na kokwa. Nikaziosha, nikazianika kivulini, nikazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilizika kokwa 40 nzima nzima kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, nikamwagilia mwezi na ushee kwa maji ya kununua kwa dumu. Zikaota 4. Mama yangu mdogo alipokuja kutoka Mpwapwa nikamwonyesha. Hata hakuketi. "Mwanangu, ulizipasua?"

Kokwa ya kunazi ni ngumu kama kokoto, na kichipukizi kinahangaika sana kutoka humo. Mama mdogo alikunja kanga mara nne akaitandika juu ya jiwe, akaisimamisha kokwa kwa ubavu, akawa anaigonga kwa mchi wa kinu cha kutwangia vitunguu saumu. Anagonga taratibu, anaigeuza, anagonga tena, mpaka isikike imepasuka. Ndani mna vyumba viwili, na kila chumba kina mbegu moja bapa, ya kahawia iliyokolea, laini na inayong'aa, ndogo kama kifungo cha kola ya shati. Iliyopondeka tunaitupa, maana itaoza tu. Zilizosalimika tukaziloweka usiku mmoja, asubuhi tukazipanda kina cha kucha. Siku ya nane mche wa kwanza ulikuwa umeinua kichwa. Kati ya mbegu 30 nilipata miche 23, na sikulala vizuri siku ile kwa furaha.

Ukwaju hauna shida hivyo. Uloweke usiku kucha, panda. Ubuyu ndio wenye ganda gumu: mimi huchemsha maji, nayaepua, natia mbegu na kuziacha humo mpaka kesho yake. Na ukiona mbuyu mchanga una majani mamoja mamoja, usidhani umeuziwa mbegu ya mti mwingine. Yale majani yaliyogawanyika kama vidole huja baadaye.

Kinachoua miche mingi ni mzizi. Mkunazi hushusha mzizi mkuu haraka kuliko unavyopanda juu. Mwaka jana viriba vyangu vilikuwa vifupi, vimekaa chini miezi mitatu bila kuguswa. Nilipokuja kuvinyanyua nikasikia mizizi iliyokwisha kutoboa na kuingia ardhini inakatika, kama uzi mbovu. Nilipoteza miche 9, na iliniuma kwelikweli. Sasa natumia viriba virefu, nimevipanga juu ya tofali, na kila baada ya wiki mbili navihamisha kidogo. Udongo wangu ni ndoo tatu za udongo wa juu kutoka chini ya mgunga, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na moja ya mchanga wa korongoni.

Kuna aliyenishauri nibebeshe miche yote, yaani niiunganishie vikonyo vya kunazi zile kubwa za kisasa. Ni kweli mti wa kubebesha huzaa mapema, na wa mbegu haukuhakikishii tunda kama la mama yake. Nimebebesha miwili. Iliyobaki naiacha, kwa sababu ninachokitafuta ni kile kitunda kidogo chenye uchachu, kinachokauka mtini mpaka kikakunjamana, ambacho bibi alikuwa akitutilia mfukoni tukienda kuchunga.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikikatika Aprili ndiyo basi. Kwa hiyo mashimo yamechimbwa tayari, mita moja moja kando ya uzio wa nyuma, nikitaka miiba ifungane iwe ua. Mwaka wa kwanza kila mche nitauzungushia matawi ya mgunga, la sivyo mbuzi wa mtaa wataumaliza siku moja.

Jumapili jirani yule alipita kuchukua suruali ya mwanawe. Akasimama mbele ya viriba, akauliza ni miche ya nini. Nikamwambia ni ya ule mkunazi wake. Alinyamaza, akainama kugusa jani kwa upande wa chini, ule mweupe wenye vinyweleo.

"Nyumba yangu haina kivuli hata kidogo," akasema. "Huu utachukua miaka mingapi?"

Nimemtengea miwili, yenye mashina manene kuliko mingine.