Zile C-130 za Mombasa 1992
Wadogo zangu wengi hawajui kama Mombasa ndo ilikuwa kituo cha kupeleka chakula Somalia wakati wa ile njaa ya 1992. Mimi nilikuwa kibarua pale epoti ya Moi, tunapanga magunia ya mchele na maharagwe kwenye paleti, tunafunga neti tunakaza mikanda mpaka vidole vinachubuka, halafu foklifti inasukuma ndani ya C-130, ile ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani, kwa ule mlango wa nyuma. Zilianza Agosti, ya kwanza ikaenda Wajir huku huku kwetu Kenya maana ukame ulikuwa umeshawamaliza watu, wakimbizi nao wamejaa, baadaye ndo Somalia kwenyewe: Beledweyne, Baidoa, Bardera. Wajerumani nao wakaja na ndege zao za mizigo, Transall. Wanajeshi walituambia wakitua Somalia injini hazizimwi, mzigo unashushwa propela zinazunguka, wanaruka tena. Kuna wanaosema ilikuwa siasa tu, sawa ilikuwepo, na chakula kingi kiliporwa barabarani, lakini kuna watoto walikula jamani. Kama ulikuwa Baidoa au Wajir mwaka ule naomba uniambie, ningependa sana kusikia.