Kutoa Kinachotugharimu

Katika 2 Samweli 24, Arauna anataka kumpa mfalme Daudi bure kiwanja chake cha kupuria, pamoja na ng'ombe wa sadaka na vyombo vya kupuria viwe kuni. Daudi anakataa. Anakinunua kiwanja na ng'ombe wale kwa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hataki kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Kwa neno hilo la Daudi ndiyo ninaupima utoaji wangu, maana mtu anaweza kutoa kwa furaha na kwa uaminifu miaka mingi, huku akitoa tu katika kile kinachobaki baada ya haja na starehe zake zote kutimizwa.

Katika karne ya 2, Aristide wa Athens alimwandikia kaisari kuwatetea Wakristo, akaeleza kwamba akitokea maskini miongoni mwao nao hawana akiba, walifunga siku 2 au 3 ili wampatie chakula anachohitaji. Watu hao hawakungoja wapate ziada. Walijinyima, na kile walichojinyima ndicho kilichomlisha mwenzao. Siku hizi tumezoea kuiona saumu kuwa jambo la maombi peke yake, ingawa Isaya 58 inaiunganisha moja kwa moja na kumgawia mwenye njaa mkate wetu. Nyumbani kwangu, gharama ya mlo tuliouacha hutengwa siku ileile, kabla haijapata matumizi mengine, kwa sababu fedha isiyotengwa mapema haikosi kupata kazi.

Torati nayo ilitaka nafasi ya maskini itengwe mapema. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna pembeni hadi mwisho au kurudi kuokota masazo, ili maskini na mgeni wapate chao. Boazi, mwenye shamba mmoja, alikwenda mbali zaidi. Katika Rutu 2 anawaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka katika matita yaliyokwisha kufungwa, wayaache kwa makusudi ili Rutu ayaokote, wala wasimkemee. Hakuna sheria iliyomdai jambo hilo. Alitoa katika mavuno ambayo tayari yalikuwa yake, tena kwa namna iliyomwachia mjane yule mgeni heshima ya kula jasho lake mwenyewe. Heshima hiyo naihesabu kuwa sehemu ya sadaka, na mara nyingi ndiyo inayotushinda, kwa kuwa tunapenda mpokeaji ajue ni nani aliyempa.

Hapa lazima nimtaje mjane wa Marko 12, aliyetoa senti mbili ambazo ndizo zote alizokuwa nazo, kwa sababu habari yake hutumiwa vibaya. Mstari unaotangulia habari hiyo, Yesu anawashutumu waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane. Mhubiri anayemtumia mama huyo kuwakamua wasio na kitu anasimama upande wa waandishi wale, na mimi siwezi kumsikiliza kwa amani. Paulo mwenyewe, akiwachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu, yaani waumini wenzao wenye uhitaji, anasema wazi katika 2 Wakorintho 8 kwamba hakusudii wengine wapate raha na Wakorintho wapate dhiki, bali pawe na usawa. Kujinyima ni kwa yule anayeamua mwenyewe, na hakumpi baba ruhusa ya kuwaacha watoto wake na njaa ili asifiwe kanisani.

Tena si kila gharama ni ya fedha. Mwenye mali anaweza kutuma msaada mkubwa asihisi lolote, lakini akaona uzito wa kuketi mchana kutwa na mgonjwa asiye na mtu wa kumwangalia, simu ikiwa imezimwa na shughuli zake zikiwa zimesimama. Mtu huyo aanzie hapo.

Kwangu mimi, gharama iliyo kubwa kuliko zote iko katika madeni. Luka 6 inatuagiza tukopeshe pasipo kutumaini kupata kitu tena, na kumwambia mdaiwa aliyeshindwa kwamba asilipe huchukua dakika chache tu. Kazi inabaki baadaye, tunapoonana naye wiki baada ya wiki, naye pengine amenunua kitu kipya, nasi tunapaswa kumsalimu bila kumkumbusha deni lile kwa neno wala kwa sura.